Kabla ya kupiga hema kando ya Ziwa Kivu

Mchezo wa triathlon umefika mlangoni mwetu. Tarehe 14 Agosti 2022, mji wa Rubavu, ambao wengi wetu bado tunauita Gisenyi, ulipokea mashindano ya Ironman 70.3: kuogelea kilometa 1,9 ndani ya Ziwa Kivu, baiskeli kilometa 90, kisha mbio za miguu kilometa 21,1. Ni ng'ambo tu ya mpaka. Kijana wa Goma akitazama hayo ana haki ya kuuliza: kwa nini siyo sisi? Maji ni yale yale.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Ulianza San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, na uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Tangu hapo timu nyingi duniani zimezoea kupiga kambi kando ya ziwa. Wachezaji wanalala karibu na maji, wanaogelea alfajiri, wanapanda baiskeli mchana, jioni wanakimbia. Kivu inafaa sana kwa mazoezi ya namna hiyo. Iko kwenye mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, maji yake si ya baridi kali, na halina mamba.

Lakini kwetu neno «kambi» lina historia yake. Timu yoyote inayotaka kulala ufukweni ni vizuri iijue kwanza.

Katikati ya Julai 1994, watu zaidi ya 800.000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu. Walilala Mugunga, Kibumba, Katale na kando ya barabara. Ardhi yetu ni mawe ya volkano. Haichimbiki kirahisi, iwe kwa kisima, choo au kaburi. Watu wakateka maji ya ziwa na kuyanywa hivyo hivyo. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50.000 katika mwezi wa kwanza. Hadi leo kipindupindu hakijatuacha. Kwa hiyo anayeogelea Kivu asiyameze maji yake, na maji ya kunywa ya kambi yatiwe dawa au yachemshwe.

Somo la pili la kambi zile halijulikani sana nje ya Kivu. Ni mazuku. Wazee wetu walilitumia neno hilo kwa upepo mbaya unaoua usiku. Wataalamu walipokuja kupima, walikuta ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyotuama. Haina rangi, na pua haiitambui. Ikizidi asilimia 10 ya hewa, mtu anapoteza fahamu haraka, na asipotolewa anakufa.

Sehemu zinazojulikana kwa mazuku ziko hasa magharibi mwa mji, kuanzia upande wa Lac Vert na Bulengo hadi Sake. Mwaka 1994 baadhi ya wakimbizi walipiga vibanda humo bila kujua, na wako waliolala wasiamke. Miaka karibu 30 baadaye, ndugu zetu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru walijenga tena vibanda Bulengo na Lac Vert. Hawakuichagua ardhi hiyo kwa kutojali. Ndiyo iliyokuwa wazi, na aliyefukuzwa kwake hachagui pa kulala.

Timu ya michezo inaweza kuchagua, na hapo ndipo hatari inapojificha. Mahali panapompendeza mtu wa hema ni palipo tambarare, pa chini, pasipo na upepo, karibu na maji. Mazuku nayo inapenda hapo hapo. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, gesi inapanda kidogo kidogo. Jua na upepo wa mchana vinaitawanya. Mtu akifika saa sita mchana anaona ni uwanja mzuri tu. Aliyelala chini ndiye anayeivuta kwanza, na mtoto kabla ya mtu mzima.

Kuhusu ziwa lenyewe, tusiogopeshane bure. Wengi wanakumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo gesi yake iliua watu wapatao 1.700 usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Kivu pia lina gesi: kama kilometa za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Lakini sehemu kubwa iko chini ya mita 260, na uzito wa maji unaizuia huko. Lava ya Nyiragongo iliingia ziwani tarehe 17 Januari 2002, baada ya kupita katikati ya Goma, na gesi ya kilindini haikulipuka. Mei 2021, volkano ilipotoka tena, hofu ya magma iliyosogea chini ya ziwa ilikuwa kati ya sababu za kuhamisha mitaa kumi ya mji. Hofu hiyo haikutimia. Anayeogelea juu ya maji, mbele ya Goma, hasumbuliwi na gesi ya kilindini.

Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ni habari nyingine. Imejificha na upepo, maji yake yametulia, na kocha angeipenda kwa macho tu. Lakini pale safu yenye gesi nyingi inaanza kwenye mita kama 12, na pande zake kuna mazuku. Si mahali pa kambi.

Basi, timu itakayokuja ifanye mambo machache. Iwaulize wenyeji na wataalamu wa volkano wa Goma kabla ya kuchagua uwanja. Hema zisimame juu, penye upepo, mbali na shimo lolote ambamo majani yamekauka bila sababu au wamelala ndege na mbwa waliokufa. Mwenzao akianguka ndani ya shimo kama hilo, wasimfuate mbio mbio, kwa kuwa anayeingia kuokoa anaweza kufa naye. Na waogeleaji wafuatwe na mtumbwi wenye majaketi ya kuokolea, wakijihadhari na nyavu za wavuvi wa sambaza.

Haya tuliyajua kwa gharama ya watu waliolala pale kwa sababu hawakuwa na pengine. Anayekuja kwa hiari yake hana sababu ya kuyalipia tena.