Mlingoti wa maji: mbao ipi, na hati zipi mpakani

Mlingoti wa maji ni mti unaotokeza mbele ya omo katika chombo cha tanga na kubeba mvuto wa kamba za mbele. Ukikatika baharini, tanga hulegea, safari hukwama na shehena huchelewa. Kwa hiyo bei ya mti isiwe hesabu ya kwanza mwenye mashua anapoubadilisha.

Uzito

Mti huu umekaa mbali na katikati ya chombo, hivyo kila kilo inayozidi huizamisha omo. Mti mkavu wa mita 3 wenye kipenyo cha sentimita 12 huwa na takriban kilo 15 ukiwa wa paini (msonobari), kilo 22 ukiwa wa mvule au mtiki, na kilo 30 ukiwa wa mvinje.

Aina

Mvule na mtiki ni ghali, lakini sehemu ya ndani ya mti haiozi upesi. Vinafaa chombo cha mizigo, ambapo safari moja iliyopotea huweza kuzidi tofauti ya bei ya mbao. Paini ya mashamba, kama ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni nyepesi na rahisi kuchonga. Huoza haraka maji ya mvua yakiingia, hivyo inahitaji dawa, rangi na ukaguzi wa kila mwaka. Mvinje hupatikana pwani ukiwa mnyoofu na wenye nguvu, lakini ni mzito na hupasuka unapokauka.

Kukagua kabla ya kulipa

Nyuzi za mbao ziende sambamba na urefu. Zisihame zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15. Vifundo vikubwa vikataliwe, hasa pale mti unapopita juu ya omo, kwani hapo ndipo mzigo huwa mkubwa. Ili kujua ukavu, mbao ipimwe, iwekwe kivulini kwa wiki moja, kisha ipimwe tena. Uzito ukipungua, bado ni mbichi. Asiyepata gogo zuri anaweza kuunganisha mbao mbili kavu kwa gundi ya epoksi.

Hati

Ndani ya Tanzania Bara, mbao husafirishwa kwa hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Anayezivusha Horohoro kwenda Lungalunga aandae pia kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili wa bidhaa. Tahadhari zaidi ni kwa mkangazi na mninga: mwaka 2022 miti hiyo iliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na mbao zake zinahitaji kibali cha mkataba huo kuvuka mpaka. Mbao nafuu isiyo na hati huweza kuishia kizuizini, na mashua ikabaki ufukweni bila mlingoti.