Baba, Mjomba na Kadhi: Historia ya Haki za Mzazi wa Kiume katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika ukanda wa pwani unaotoka Kilwa hadi Lindi, swali la nani mwenye mamlaka juu ya mtoto, hasa wazazi wake wanapoachana, limejibiwa kwa karne nyingi na sheria zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na mwanamume aliyetaka kukaa na mwanawe, au hata kumwona tu, alilazimika kwanza kujua aende kwa nani: kwa wazee wa ukoo wa mkewe, kwa kadhi, kwa liwali, au, katika miaka ya karibuni, kwa ofisa ustawi wa jamii na hakimu. Anayefuatilia namna akina baba wa eneo hili walivyotafuta msaada hugundua kwamba damu peke yake haikutosha kumpa mwanamume haki juu ya mtoto, kwa kuwa palihitajika daima mtu wa tatu wa kuithibitisha.

Wenyeji wa nyanda zinazoizunguka Lindi, yaani Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mume aliyeoa alihamia kwa wakwe zake, akalima shamba lililokuwa chini ya ukoo wa mke, na watoto waliozaliwa wakawa wa ukoo huo, chini ya uangalizi wa mjomba, kaka wa mama yao. Kwa Wayao kundi la dada na watoto wao liliitwa mbumba, na kaka mkubwa aliyelisimamia ndiye aliyejibu kwa madeni, mashauri na maradhi ya watoto wa dada zake. Kijana alipofikia umri wa jando, sauti ya mjomba ilikuwa nzito katika kuamua lini apelekwe, na urithi wa cheo ulishuka kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa. Ndoa ilipovunjika, mume aliondoka na watoto wakabaki. Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumwona baba wa namna hii kuwa mnyonge tu, kwa sababu mwanamume huyohuyo aliyekosa sauti kwa wanawe alikuwa na sauti kamili kwa watoto wa dada zake, na mzigo wa malezi, ambao leo humwangukia mtu mmoja, wakati huo uligawanywa kati ya wanaume wawili.

Hata Kilwa Kisiwani, mji uliojisifia asili ya Shirazi na kuhesabu wafalme wake kwa majina ya baba zao, ulibeba alama za desturi hiyo. Habari za kale za mji huo, katika masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907, zinaeleza jinsi mgeni kutoka Shirazi alivyomwoa binti ya Mrimba, mzee wa kisiwa, na jinsi mamlaka ya Mrimba yalivyomfikia baadaye mjukuu aliyezaliwa na binti huyo. Wanahistoria wanaweza kubishana kuhusu ukweli wa tukio lenyewe, lakini mantiki ya masimulizi haina utata: mfalme alipata uhalali wa kuitawala nchi kupitia mama yake, na nasaba ya baba ilimpa heshima ya ugeni na dini.

Dini hiyo, Uislamu, ilileta sheria yake. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliwakuta watu wa mji wakifuata madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameendelea kufuatwa pwani hadi leo. Katika fikihi ya Shafi, mtoto ana nasaba ya baba, na baba ndiye anayewajibika kwa masurufu yake na ndiye walii wa binti yake anapoolewa. Lakini hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, hutangulia kwa mama na kisha kwa bibi mzaa mama, hadi mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka 7, ambapo huulizwa anataka kukaa na nani. Mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa ya mtoto, hadhana humtoka. Kwa hiyo baba wa Kilwa aliyeachana na mkewe alikuwa na hoja alizoweza kuzipeleka kwa kadhi, hoja ambazo mwenzake wa Kimwera, siku chache tu za mwendo kutoka hapo, hangekuwa na mtu wa kumsikiliza akizitoa. Uislamu ulipoenea bara, hasa baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wanaume wengi wa Lindi walijikuta na sheria mbili, nao walijifunza upesi kuitaja ile iliyowafaa; wake zao na mashemeji zao walijifunza vilevile.

Palikuwa na kundi moja la akina baba ambao hawakuwa na pa kwenda kabisa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki, na wengi waliouzwa au kubakizwa mashambani walitoka katika jamii zilezile za upande wa mama zilizotajwa hapo juu. Kwa sheria, mtoto wa mjakazi alikuwa mali ya bwana wa mama yake, isipokuwa bwana mwenyewe alipomzaa na suria, yaani mjakazi aliyemfanya kimada wa halali, na hapo mtoto alizaliwa huru, mwenye nasaba na urithi wa baba. Mtumwa mwanamume aliyezaa hakuwa na uwalii wala hadhana, na mjomba ambaye angemsimamia mtoto huyo alikuwa ameachwa mbali, ng'ambo ya Ruvuma au ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini bila kugusa hali ya waliokwisha kuwa watumwa. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ndiyo iliyogusa uzazi moja kwa moja, kwa kuwa ilitangaza kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa na mtumwa kuanzia mwaka 1906 atakuwa huru, ingawa wazazi wake walibaki katika hali yao hadi Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Kwa miaka 16, basi, palikuwa na akina baba watumwa wenye watoto waungwana. Ni jambo la ajabu kwamba historia za eneo hili hulipita hilo haraka.

Ukoloni wenyewe ulibadilisha taratibu zaidi kuliko kanuni. Waingereza waliacha mashauri ya ndoa na watoto mikononi mwa maliwali, makadhi na mahakama za wenyeji, lakini mashamba ya mkonge ya Lindi yalileta vibarua kutoka mbali, wakiwemo Wamakonde wa Msumbiji, na mwanamume aliyezaa kwenye kambi ya mkonge hakuwa na wakwe waliomtambua wala kadhi aliyemfungisha ndoa. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyomwezesha mama kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Sheria hiyo ilimtazama baba kama mdaiwa. Njia ya yeye kudai nafasi katika malezi haikuwa shabaha yake. Kiwango cha juu cha matunzo, shilingi 100 kwa mwezi, kilibaki vitabuni hadi kikawa kichekesho.

Uhuru ulileta hamu ya kuunganisha sheria. Mwaka 1963 mahakama za makadhi na maliwali zilifutwa Tanzania Bara, na kazi zao zikachukuliwa na mahakama za mwanzo. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kwa maandishi sheria za mila, lakini tangazo hilo liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kwa mujibu wake watoto ni wa baba. Watu wa Lindi hawakuwemo. Baba wa Mara au Kagera aliingia mahakamani akiwa na mila iliyochapishwa na serikali; baba wa Lindi aliingia na mila isiyoandikwa, tena isiyomsaidia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwaka uleule ambao Lindi ilifanywa kuwa mkoa, ndiyo iliyojaribu kuwaweka wote chini ya paa moja. Ilimtwisha mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake hata kama hawaishi naye. Ilitaka pia mgogoro upite kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya shauri la talaka kufunguliwa, na kwa Waislamu mabaraza ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yakaifanya kazi hiyo, hivyo shehe aliyepoteza mahakama akabaki na meza ya usuluhishi. Kifungu cha 125 kiliweka masilahi ya mtoto mbele ya yote, kikaamuru kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 adhaniwe kuwa yuko mahali pema akiwa kwa mama, hadi ithibitishwe vinginevyo. Umri huo umo pia katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1839, iliyowapa akina mama nafasi ya kuomba walelewe nao watoto wa chini ya miaka 7, lakini kwa kuwa ni uleule wa hadhana, Mwislamu wa Kilwa hakuuona kuwa mgeni ijapokuwa ulifika kwa njia nyingine. Mahakama husikiliza pia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe, na desturi za jamii ya wahusika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta ile ya 1949 pamoja na shilingi zake 100, ikawagawia wazazi wote wawili wajibu wa malezi, na ikampa mzazi asiyekaa na mtoto njia ya kuomba amri ya kumtembelea. Mwanamume mwenye shaka ya uzazi, au anayepinga kutengwa na mtoto anayeamini ni wake, anaweza kuomba kipimo cha vinasaba cha Mkemia Mkuu wa Serikali, ila ombi hupitia mamlaka kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Msaada wa kumwelekeza ulichelewa. Baadhi ya vyama vya mwanzo vya msaada wa kisheria nchini, kama TAWLA kilichoanzishwa mwaka 1989, viliundwa na wanasheria wanawake kwa sababu zilizokuwa wazi kabisa wakati huo, na mwanamume alizoea kufika kwao akiwa na barua ya wito mkononi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili waliopewa mafunzo ya kuwashauri wananchi vijijini, bila kubagua jinsia ya anayeomba.

Palipobaki pagumu ni pale ambapo sheria inataja desturi. Kwa miongo mingi hakimu wa mahakama ya mwanzo alikaa na washauri wa mahakama, wazee wa mahali waliojua mila, na baba wa Kimwera aliyefunga ndoa ya Kiislamu, akajenga kwa wakwe zake na kusomesha watoto kwa mshahara wake, angeweza kusikia desturi yake ikielezwa kwa namna tatu katika shauri moja: kwa ukoo wa mama, kwa fikihi ya Shafi, na kwa maisha ya mjini ambamo mjomba hatoi tena karo wala hahudhurii kikao.