Herufi za Lipu Katika Mji wa Jinja: Ukarabati na Kumbukumbu

Katika Barabara Kuu ya Jinja, baadhi ya maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia yana herufi za lipu zilizochomoza juu ya ukuta wa mbele: jina la mwenye jengo na mwaka wa ujenzi. Biashara ya pamba na Reli ya Busoga ya mwaka 1912 ziliukuza mji huo. Mnamo Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Majengo yakapata wenyewe wapya, majina yakabaki ukutani. Sheria ya mali zilizotaifishwa ya mwaka 1982 ilihusu umiliki, si herufi. Hivyo, ukarabati unaozikwangua ili kusawazisha ukuta hufuta ushahidi wa waliojenga mji. Herufi hizo zinastahili kuorodheshwa na kutengenezwa papo hapo zilipo.