Saa ya Uhuru

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nimejifunza uzeeni kwamba hata asiye mwongo hujikuta katika njia hiyo, akiipenda mno hadithi yake.

Mwaka jana nilitoka Handeni kwenda Korogwe kwa shughuli zangu. Karibu na stendi, kijana mmoja muuza mitumba aliniamkia, kisha akanitolea saa ya mkononi aina ya Seiko 5.

"Mzee, hii ilikuwa ya babu yangu. Alipewa na meneja wa shamba la mkonge siku ya Uhuru, mwaka 1961."

Alitaka shilingi 80,000.

Moyo ulinipiga. Marehemu baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, naye alivaa Seiko 5 kama ile, yenye kidirisha kimoja cha siku na tarehe. Njaa ya 1974 ilipotubana Handeni, aliiuza akanunua mahindi. Ndugu zetu husimulia mpaka leo kwamba alizawadiwa saa hiyo siku ya Uhuru. Nami, nikiwa mwalimu wa historia na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, nimewasimulia wanachuo wangu hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Tukaenda kwa fundi saa. Msomaji, ukitaka kununua saa ya zamani usianze na uso wake, kwa maana uso hupakwa rangi upya. Uso wa saa ile ulikuwa mpya kuliko mishale yake, na maandishi yake yalikuwa manene kama ya mkono. Hilo pekee lilishusha bei. Igeuze uangalie mgongoni. Seiko za miaka ile zina namba mbili: moja hutaja aina ya mashine, nyingine ni ya mfululizo, nayo huficha tarehe. Tarakimu yake ya kwanza ndiyo tarakimu ya mwisho ya mwaka, na alama ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9, Oktoba ni sifuri, Novemba ni N na Desemba ni D.

Namba ya saa ile ilianza na 1N. Yaani Novemba, ya mwaka unaoishia na 1!

"Si nilikwambia, Mzee?" kijana akasema kwa furaha. "Mwezi mmoja kabla ya Uhuru!"

Nakiri kwamba nami nilifurahi. Nilitaka sana iwe hivyo.

Lakini namba hiyo haitaji ni miaka ya sitini, ya sabini au ya themanini. Hapo huitwa shahidi wa pili. Seiko 5 ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1963. Basi 1961 ikafutika. Mashine ya saa ile ilikuwa 6119, iliyotumika mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Basi 1981 nayo ikafutika. Fundi akafungua kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishwa, akatuonyesha 6119 ile ile imechorwa kwenye mashine yenyewe. Saa ilitengenezwa Novemba 1971, miaka kumi baadaye.

Kijana alinyamaza. Nilimwambia, "Mwanangu, saa ni nzima na babu yako huenda aliivaa kweli. Siku ya Uhuru ndiyo haimo." Tulipatana shilingi 35,000.

Katika basi la kurudi ndipo nilipotambua kuwa sikumsahihisha kijana peke yake. Kama Seiko 5 haikuwapo mwaka 1961, hata baba hakuweza kupewa siku ile. Nilijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alisema alizawadiwa, sikukumbuka. Walisema wajomba. Huenda aliinunua kwa mshahara wake wa ukarani, akiweka senti juu ya senti, nasi miaka yote hii tukampa meneja sifa isiyo yake. Mimi niliyewafundisha wengine kuhoji masimulizi sikuwahi kuhoji la nyumbani kwangu, kwa kuwa lilinipendeza.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wajukuu upya habari za saa ya babu yao mkuu. Safari hii nilianzia mwaka 1974, kwenye gunia la mahindi, kwa sababu hilo nililiona kwa macho yangu.