Filamu za kutisha za Bongo

Filamu za kutisha za Bongo ni sinema za video zisimuliazo habari za majini, mizuka na uchawi, zilizoanza kutengenezwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa gharama hafifu. Mashuhuri katika fani hii ni Mussa Banzi, mtengenezaji wa *Nsyuka* na *Shumileta*, ambayo ni kisa cha jini wa kike aliyemwashiki binadamu. Asili ya fani hii ni itikadi za majini, zilizoenea pwani tangu Kilifi hadi Kilwa, pamoja na athari za video za Nigeria. Na kwa tabia inashabihiana na sinema za miaka ya 1980, kama *Purana Mandir* (1984) ya ndugu Ramsay wa Uhindi na *The Evil Dead* (1981) ya Sam Raimi wa Marekani, ambazo nazo zilifidia uhaba wa fedha kwa hila zilizo dhahiri: rangi nyekundu badala ya damu, na kiumbe kutoweka ghafla kwa kukatwa picha. Mvuto wa filamu hizi za Bongo ni kuchanganya hofu na kicheko, kwani mtazamaji huitambua hila, wala hakanushi kuwapo kwa majini. Hivyo uhafifu wa zana, ambao kwingineko ungehesabiwa ila, hapa ni sehemu ya ladha.