Bustani ya Bure na Makaburi Mawili

Sikuwa na mpango wa kuandika historia, manze. Dadangu alikuwa na shughuli zake Nairobi, mimi niko hapa Masii bila kazi ya kuripoti asubuhi (chuo niliacha, stori mnaijua, tusirudie), kwa hivyo watoto wake wawili wakawa wangu kwa siku nzima. Mkubwa ana miaka saba, mdogo minne. People's Park ya Machakos wameshaizoea. Mfukoni nilikuwa na nauli na pesa kidogo ya njugu. Nikauliza watu: wapi Nairobi unaweza kupeleka watoto kwenye miti na usilipe kitu? Jibu likaja: City Park, Parklands.

Tukashuka Machakos Country Bus, tukavuka tao, tukapanda matatu ya Limuru Road. Mkubwa akafika pale akasimama. “Anko, mbona hakuna mtu wa tiketi?”

Swali zuri kuliko alivyojua.

City Park ilitengwa miaka ya 1920, enzi za mkoloni. Ni msitu wa kienyeji ambao jiji liliuzunguka likauacha, na kando yake kukapandwa maua na kukawekwa nyasi za kukalia. Jamaa aliyeipamba zaidi anaitwa Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za Nairobi kuanzia 1947. Ukiona mijakaranda na bogonvilia kwenye barabara za Nairobi, mkono wake uko hapo. Sisi wa Masii, ambao kivuli ni mwembe mmoja na mgunga, tukiingia humo tunahisi baridi kwanza. Mdogo aliniuliza kama kumenyesha.

Halafu kima wakashuka. Mmoja alipanda begani kwa mkubwa kama anamjua, akachukua njugu kwenye kiganja, akazila hapo hapo juu ya kichwa chake. Mdogo alilia, kisha akacheka, kisha akataka awe yeye. Nusu saa imeisha hivyo na hatujalipa hata shilingi.

Lakini bure ina historia yake. Ardhi hii ilikuwa zaidi ya hekta 90, leo ni karibu 60. Zilizobaki hazikubaki kwa bahati. Miaka ile ya unyakuzi, vipande vya bustani viligawiwa watu binafsi, kama vile Uhuru Park na Karura zilivyomezewa mate. Mwaka 1996 raia wa kawaida, wapenda ndege na miti, wakaunda Friends of City Park wakaanza kupiga kelele. Mwaka 2009 bustani ikatangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa. Hiyo ndiyo tiketi ambayo mtoto hakuiona. Wengine walishailipa.

Tulipokuwa tunatembea tukafika kwenye sanamu. Kuna za mawe za Elkana Ong'esa na wengine, na mtu aliyekulia karibu na Wamunyu hawezi kupita kinyago bila kusimama. Hapo ndipo amelala Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966, kwa miezi michache tu. Akajiuzulu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na maelfu ya vitabu, kwa makubaliano kwamba patakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Nyumba ikabomolewa, miti ikakatwa. Alifariki 1990. Alikuwa ameomba azikwe karibu na rafiki yake.

Rafiki mwenyewe ni Pio Gama Pinto, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya hapo hapo. Mzaliwa wa Nairobi, mwandishi wa habari, mkoloni alimfunga miaka ya Mau Mau. Tarehe 24 Februari 1965, Uhuru ukiwa na mwaka mmoja na miezi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands. Asubuhi. Binti yake mdogo alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari.

Hii sehemu huwa inanikaa. Aliyefungwa kwa mauaji hayo ni Kisilu Mutua, jina ambalo ukiliita sokoni Masii watu watano watageuka. Alikuwa kijana wa rika langu. Alihukumiwa kifo, ikabadilishwa ikawa maisha, akakaa ndani takriban miaka 35, na siku zote alisema si yeye. Aliyetuma risasi, kama kweli kulikuwa na mtumaji, hajawahi kusimama kortini. Shuleni nilifundishwa Pinto kwa mstari mmoja. Kisilu sikufundishwa kabisa. Nina hasira na hilo kuliko na karo iliyonitoa chuo.

Kwa hivyo unampeleka mtoto wa miaka saba aone kima, na ghafla uko mbele ya jina lililochongwa na anajua kusoma. “Huyu alikuwa nani?”

Nikamwambia ni mtu aliyetaka watu wasio na kitu wapate ardhi, akauawa. Sikupamba. Akauliza kama alikuwa na watoto. Nikamwambia ndiyo, na mmoja alikuwa naye kwenye gari.

“Aliumia?”

“Hapana. Hakuumia.”

Akafikiria kidogo. Mdogo alikuwa ameketi kwenye nyasi akihesabu njugu zilizobaki, sita, akimgawia kila mtu mbili, pamoja na kima aliyekuwa amejileta tena.