Huduma za Jamii Zipimweje? Fundisho la Gulwe na Kongwa

Takwimu za huduma za jamii zina desturi ya kumsifu aliyezikusanya. Wakoloni walituachia mfano karibu na Gulwe. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa, wakahesabu ekari walizofyeka. Mwaka 1951 wakauacha, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Hesabu zao hazikuupa uzito udongo wa Ugogo unaokauka kama saruji, wala mvua yake haba.

Lakini tusiwaseme wakoloni peke yao. Mwaka 1971 Serikali yetu ilianza mpango wa maji wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Lengo lilikuwa la haki kabisa, maana mzigo wa ndoo ni mzigo wa mwanamke. Mwaka ulifika, lengo halikufikiwa. Miradi mingi ilijengwa ikahesabiwa, kisha injini zikakosa dizeli na vipuri, na mabomba yakakauka yakiwa bado katika orodha ya mafanikio. Akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mito ya msimu, ya aina ya Kinyasungwe pale Gulwe.

Wataalamu wa macho walifanya vingine Kongwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995. Swali lao: je, kumnawisha mtoto uso kunapunguza vikope? Vijiji 6 viligawanywa jozi 3. Vyote vilipata dawa ya macho. Katika kijiji kimoja cha kila jozi wananchi walihamasishwa pia kuwanawisha watoto. Baada ya mwaka, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi huko. Hapakuwa na kijiji kilichonyimwa dawa ili kiwe kipimo cha wengine. Wala haikuhesabiwa mikutano: zilihesabiwa nyuso safi na macho ya watoto. Tena, kabla ya hapo watafiti walikuwa wamewasikiliza akina mama, wakakuta wengi wanaamini kwamba kunawisha kunataka maji mengi kuliko yanayohitajika kweli. (Kiongozi aliyezoea kuhutubia asingeligundua hilo.)

Kwa hiyo tunapomtuma kada Gulwe kukagua mradi wa maji, aanzie kwenye foleni ya ndoo, siyo ofisini. Aulize bomba lilitoa maji siku ngapi mwezi uliopita, nani hamudu kulipia, na nani anatunza fedha za matengenezo. Majibu ayasome mbele ya mkutano wa kijiji, wayasahihishe wenyewe, ndipo yapelekwe Mpwapwa.